Sauti imekwaruza wiki tatu? Acha pipi za kifua, njoo tukuangalie koo

Wagonjwa wengi wa saratani ya koo la sauti tunaowapokea kliniki ya masikio, pua na koo wanafika wakiwa wameshapitia duka la dawa la mtaani mara kibao, tangawizi na limao, asali, antibiotiki aina mbili tatu, na sauti bado inakwaruza vilevile, ukimuuliza imeanza lini anakwambia "tangu kabla ya mfungo dokta", yaani miezi!

Huo muda ndo unaoamua utatibiwaje. Saratani ikianzia kwenye nyuzi za sauti zenyewe ina nafuu moja, dalili inawahi, maana kiuvimbe cha saizi ya punje ya mtama tu kinatosha kuvuruga mtetemo wa uzi, na pale mishipa ya limfu, njia ambazo saratani hupitia kusambaa, ni michache kwa hiyo saratani haikimbilii shingoni. Ikianzia juu ya nyuzi ni habari nyingine, sauti inaweza kuwa nzuri tu ila kumeza kunauma, sikio linauma na ukilipima ni zima, au cha kwanza kuonekana ni tezi imevimba shingoni.

Hiyo ndogo ya kwenye nyuzi ndo saizi ya leza. Na leza sio mionzi ile ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, jamani, watu wanachanganya sana. Mionzi unapigwa kutoka nje ya shingo, siku tano kwa wiki, wiki tano mpaka saba. Leza ni upasuaji kabisa, unakatwa, ila kinachokata ni mwanga na unapita mdomoni, shingo haiguswi. Inayotumika sana ni leza ya kaboni dayoksaidi, aliivumbua Kumar Patel kule Marekani mwaka 1964, na mwaka 1972 Strong na Jako wa Boston wakaripoti kuitumia kwenye koo la sauti, halafu Mjerumani Wolfgang Steiner akaisukuma mbele zaidi kwa upande wa saratani. Mwanga wake unanyonywa na maji, na nyama ya mwili sehemu kubwa ni maji, basi pale ulipolenga nyama inageuka mvuke, jirani hakuungui sana na vimishipa vidogo vinajiziba vyenyewe.

Thieta inakuwaje? Unapewa nusu kaputi, meno yanawekewa kinga, bomba la chuma linapitishwa mdomoni mpaka kwenye nyuzi, daktari anaangalia kwa hadubini na kuna kinukta chekundu kinachomwonyesha leza itapiga wapi. Hofu kubwa pale sio damu, ni moto, maana kuna oksijeni na kuna mpira wa kupumulia. Ndo maana oksijeni inapunguzwa, mpira unaotumika ni maalum wa leza, na kipulizo chake, kile kiputo kinachoubana mpira ndani ya koo, kinajazwa maji yenye rangi ya bluu badala ya hewa, kikitobolewa tu rangi inaonekana hapohapo. Uso na macho ya mgonjwa yanafunikwa vitambaa vibichi, na wote mle ndani tunavaa miwani.

Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, bila kovu na mara nyingi bila kutobolewa koo. Nyama iliyotolewa inaenda maabara, kingo zikikutwa na saratani unaweza kurudishwa tena, usishtuke.

Sauti je? Inategemea tumekata kina gani, ukikatwa juu juu inarudi karibu kama zamani, ukikatwa mpaka kwenye msuli inabaki ya upepo upepo. Siku za mwanzo usiongee ovyo, na kunong'ona nako kunachosha nyuzi.

Kwa saratani ya hatua ya kwanza kabisa, leza na mionzi zote zinaponya takriban tisa kati ya kumi. Mimi naegemea leza pale inapopatikana, kwa sababu inaweza kurudiwa na mionzi inabaki akiba, wakati mionzi ukishaimaliza kuirudia palepale ni ngumu. Lakini haifai kila mtu. Kama shingo haikunjuki, mdomo haufunguki vizuri, au saratani imeshaingia kwenye gegedu, hapo tunaongea mionzi na dawa, au kutoa koo la sauti lote, na ukafika huko utapumulia kwenye tundu shingoni maisha yako yote.

Sigara ndo kinara wa visababishi, ukichanganya na pombe hatari inazidi. Na kuna watu wanafanyiwa leza halafu wanarudi kuvuta! Hao uwezekano wa saratani kurudi ni mkubwa.

Kipimo cha kwanza ni kamera nyembamba inayopita puani, uko macho, dakika chache tu. Ukifika kliniki sema sauti imebadilika tangu lini, unavuta au uliwahi kuvuta, na dawa zote ulizokwishakunywa hata zile za mizizi.