Vidole vyepesi kwenye saksafoni: dhana potofu na ukweli

Wapuliza saksafoni, yaani domo la bata, wanaoanza, wa bendi za dansi na wa makanisani, hupewa ushauri ule ule kuhusu vidole. Sehemu kubwa ya ushauri huo inawachelewesha.

Dhana: Vidole vinahitaji nguvu.
Hii ndiyo inayoharibu wengi. Wapo wanaominya mpira kila siku wakidhani wanajenga kasi. Ukweli ni kwamba vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli inayovivuta iko kiganjani na, zaidi, kwenye kigasha. Springi za saksafoni ni nyepesi, kibonyezo kinashuka kwa kuguswa tu. Ukikikandamiza, mkono unakakamaa na kidole kinachelewa kuinuka. Na kama noti za chini hazitoki mpaka ukabe chombo, mara nyingi pedi, yaani kifuniko laini kinachoziba tundu, inavuja. Mpelekee fundi. Ataingiza taa ndani ya bomba, chumba kikiwa na giza, afunge vibonyezo taratibu. Mwanga unapopenya pembeni mwa pedi ndipo hewa inapotorokea.

Dhana: Ukitaka kasi, piga haraka.
Ukipiga haraka kitu ambacho hakijakaa vidoleni, unazoeza makosa. Chukua C ya katikati kwenda D iliyo juu yake. C inashikwa na kidole cha kati cha kushoto peke yake. D inataka vidole vitatu vya kushoto, vitatu vya kulia, pamoja na gumba la kushoto kwenye kibonyezo cha oktava, kile cha kupandisha noti. Kidole cha kati cha kushoto tayari kiko chini, kwa hiyo vidole vitano na gumba vinatakiwa vitue kwa pamoja, na kimoja kikichelewa kidogo tu, noti isiyotakiwa inasikika hapo katikati. Weka metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, piga noti hizo mbili tu, vidole visipae mbali na vibonyezo. Kisha badili mwendo: C ndefu na D fupi, halafu kinyume chake. Zikitoka safi, panda 64. Hakuna haja ya kurudia ukurasa mzima kwa ajili ya noti mbili zinazokwama.

Dhana: Kila noti inashikwa kwa namna moja.
B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni, ina njia tatu zinazotumika sana: kibonyezo cha pembeni cha mkono wa kulia, kile kidogo kinachobanwa na kidole cha shahada cha kushoto pamoja na kibonyezo cha B, au shahada zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Kwenye skeli ya F kile kidogo kinafaa sana. B flati ikifuatwa na B ya kawaida, tumia cha pembeni, la sivyo utalazimika kutelezesha kidole.

Dhana: Vidole vifupi haviwezi.
Si kweli. Fundi anaweza kurekebisha baadhi ya vibonyezo viendane na mkono wako.

Dhana: Maumivu ni dalili ya mazoezi mazuri.
Watu hupenda kumtaja Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, ambaye mwaka 1954 alisema kwamba kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Usianzie hapo. Nusu saa ya kila siku kwa utulivu inamjenga anayeanza kuliko Jumamosi nzima ya kukakamaa. Kidole kikiuma au kikifa ganzi, weka chombo chini upumzike. Hali ikiendelea, muone daktari. Kabla ya kushika tena, kagua mkanda wa shingoni: ukilegea, gumba la kulia linabeba uzito wote na mkono mzima unakaza.