Pete ndani ya ngumi: Mark Dinning na "Teen Angel"

Nafundisha uimbaji, na kila mwaka nikifika kwenye somo la nyimbo za huzuni nautoa wimbo huu, "Teen Angel" wa Mmarekani Mark Dinning. Kila mwaka kuna anayecheka. Simlaumu, maana kisa chenyewe ukikisimulia hivi hivi kinachekesha: gari la wapenzi wawili linazimika juu ya reli usiku, mvulana anamvuta msichana nje, wamepona, halafu msichana anageuka na kukimbilia garini. Treni inamuua. Ana miaka 16.

Kisha nauwasha wimbo. Kicheko huishia kwenye pete.

Kule Marekani mwanafunzi wa sekondari hununua pete yenye jina la shule na mwaka wa kumaliza. Enzi hizo mvulana akimpa msichana pete yake, shule nzima ilijua wale ni wapenzi. Kwa kuwa ilimpwaya, msichana aliizungushia uzi ikabana kidole, au akaivaa shingoni kwa mkufu. Sasa angalia ufundi wa mtunzi: mvulana anamuuliza marehemu alirudi kutafuta nini, ndipo anapotaja kwamba walimkuta ameikamata pete ya huyo mvulana. Hajilaumu, hafafanui. Kiitikio nacho ni maswali matupu: unanisikia? unaniona? bado ni mimi umpendaye?

Mtunzi ni Jean Dinning, dada wa mwimbaji, akishirikiana na mumewe Red Surrey. Jean alikuwa katika Dinning Sisters, kundi la akina dada watatu waliovuma miaka ya 1940 kwa kupatanisha sauti. Mark, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Max, alikuwa kitinda mimba katika watoto tisa wa familia hiyo ya Oklahoma. Alizaliwa 1933, kwa hiyo huyo "kijana wa shule" alirekodi akiwa na miaka 26! Huenda ndiyo maana halii. Anaimba taratibu, sauti laini, hakazi koo hata penye kifo, na hilo ndilo ninalotaka wanafunzi wangu waibe. Mwimbaji akilia mwenyewe, msikilizaji anabaki kumtazama tu.

Kampuni ya rekodi ya MGM iliutoa mwaka 1959. Februari 1960 ulishika namba moja kwa wiki mbili kwenye Billboard, orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani, na hapo wasikilizaji walikuwa wamekwisha kuzoea misiba: "El Paso" ya Marty Robbins na "Running Bear" ya Johnny Preston, zilizotangulia kileleni mwaka huo, nazo huishia kwa kifo. Ukizijumlisha zote tatu, wiki saba mfululizo kileleni ni maiti tu. BBC waligoma kuupiga, lakini Uingereza bado ulifika namba 37.

Baada ya hapo Dinning hakuingia tena kwenye nyimbo arobaini bora za Billboard. Alifariki 1986, akiwa na miaka 52.

Mwaka huu aliyecheka ndiye niliyempa ubeti wa pete aimbe. Alifika katikati, akaomba maji.