Je, wajua kwa nini saratani mbili za matiti zinazofanana kwa macho huwa na hatima tofauti?

Kwa muda mrefu madaktari walikadiria ukali wa saratani ya matiti kwa mambo matatu: ukubwa wa uvimbe, kama seli zake zimefika kwenye tezi za limfu za kwapani, na sura ya seli hizo chini ya hadubini. Mambo hayo yangali na uzito. Lakini hayakutosha kueleza kwa nini, kati ya wagonjwa wawili waliolingana kwa yote matatu, mmoja angeishi miaka mingi bila ugonjwa kurudi na mwenzake angerudi hospitalini mapema akiwa na saratani iliyosambaa. Sehemu kubwa ya jibu imo katika protini za uvimbe wenyewe.

Protini hizo huonekanaje? Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe hulowekwa kwenye dawa ya formalini kwa saa 6 hadi 72, kisha hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba vya maikromita 4 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Juu ya kipande humwagiwa kingamwili zinazonasa protini moja tu, na mahali zinaponasa hutokea rangi ya kahawia. Mtaalamu wa patholojia huhesabu seli ngapi zimeshika rangi, na kwa nguvu gani. Hatua ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko inavyodhaniwa: kinyama kikicheleweshwa kutiwa formalini, protini huanza kuharibika, na kipimo kinaweza kusema haipo ilhali ilikuwapo. Kosa hilo si dogo hata kidogo, maana linaweza kumnyima mgonjwa dawa ambayo ingemfaa.

Inayotazamwa kwanza ni protini ya kupokea homoni ya estrojeni, inayokaa ndani ya kiini cha seli. Fununu yake ilianza zamani. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliandika kwamba mwanamke mwenye saratani ya matiti iliyokuwa imekithiri alipotolewa ovari, uvimbe wake ulinywea. Estrojeni yenyewe ilikuwa bado haijatambuliwa. Ilibidi kungoja hadi kazi ya Elwood Jensen huko Chicago, miaka ya 1950 na 1960, ndipo ikajulikana kwamba seli zinazoitikia homoni hiyo zina protini maalumu ya kuipokea, na kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao hauna kipokezi hicho mara nyingi hawanufaiki kwa kuzuiwa homoni.

Leo saratani nyingi za matiti, takriban 3 kati ya kila 4, hukutwa na kipokezi cha estrojeni. Hata asilimia 1 tu ya seli zikishika rangi, uvimbe huhesabiwa kuwa chanya, ingawa walio kati ya asilimia 1 na 10 hutajwa peke yao kwa sababu faida ya tiba ya homoni kwao haina uhakika ule ule. Kipokezi cha projesteroni, homoni nyingine ya kike, hupimwa sambamba. Kikiwapo kwa wingi pamoja na cha estrojeni, kwa kawaida ni habari njema. Tamoksifeni, dawa inayokiziba kipokezi cha estrojeni, ikitumiwa kwa miaka 5 hupunguza vifo vya ugonjwa huu kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kwa uvimbe usio na kipokezi, haisaidii.

Protini inayonigusa zaidi ni HER2, kwa sababu inaonyesha kwamba maana ya kiashiria inaweza kupinduka. Hii hukaa kwenye utando wa seli na kuihimiza igawanyike. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa ambao jeni ya HER2 ilikuwa imejirudufu ndani ya uvimbe wao walirudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema. Wakati huo jibu la "chanya" lilikuwa habari ya huzuni tupu. Kisha ikatengenezwa trastuzumabu, kingamwili inayoishika protini hiyo hiyo, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani. Mwaka 2005 majaribio makubwa yalithibitisha kwamba ikitolewa baada ya upasuaji pamoja na kemotherapi, hatari ya ugonjwa kurudi hupungua kwa karibu nusu. Uvimbe ni ule ule, lakini protini iliyokuwa dalili ya mabaya imekuwa mahali pa kuushikia.

Ki-67 haijatulia hivyo. Protini hii, iliyotambuliwa mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1983, huonekana kwenye seli zilizo katika harakati za kugawanyika tu, kwa hiyo huonyesha kasi ya ukuaji. Asilimia 5 kushuka chini ni polepole, 30 kupanda juu ni kasi; hapo wataalamu wanaelewana. Katikati, maabara mbili zinaweza kukisoma kipande kimoja na kutoa namba tofauti, na kwa maoni yangu si haki kuamua kemotherapi kwa namba hiyo peke yake.

Uvimbe usio na kipokezi cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala wingi wa HER2, huitwa hasi tatu. Huu huwaka kama moto wa mabua: ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 hadi 5 ya mwanzo, na anayeivuka miaka hiyo salama hatari yake hushuka sana. Ule wenye kipokezi cha estrojeni ni moto wa pumba. Mwanzoni hutoa matumaini zaidi, lakini unaweza kurudi hata baada ya miaka 15 au 20, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hushauriwa kuendelea na vidonge vya homoni kupita miaka 5.

Ugonjwa ukirudi, inafaa kinyama kipya kipimwe panapowezekana, maana protini huweza kubadilika. Hata ripoti ya zamani inastahili kusomwa upya. Kulingana na nguvu ya rangi, HER2 hupewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni chanya, na 2+ hupimwa tena kwenye jeni. Zamani 0 na 1+ zote ziliandikwa "hasi" bila kujali tofauti. Mwaka 2022 utafiti ulionyesha kwamba wagonjwa wenye saratani iliyosambaa na alama ya 1+, au 2+ isiyo na jeni iliyojirudufu, waliishi muda mrefu zaidi kwa dawa ya trastuzumabu derukstekani (trastuzumabu iliyobebeshwa dawa ya kuua seli) kuliko kwa kemotherapi ya kawaida. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa "HER2 hasi" ana sababu ya kumwuliza daktari wake alama kamili ilikuwa ngapi.