Mazuku, ziwa na mvua: tunayoambiana Goma

Mbuzi akikutwa amekufa kwenye bonde dogo la mawe meusi kule Bulengo, karibu na mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hana jeraha wala povu mdomoni, hakosekani jirani wa kusema amepigwa na pepo. Neno lenyewe, mazuku, ni la upepo mbaya unaoua usiku bila kelele. Wazee walioupa jina hilo hawakukosea sana. Kweli unaua, kweli hauna kelele, na usiku ndio wake. Waliyemkosea ni mhusika tu.

Mhusika ni hewa ukaa, ile ile tunayoitoa puani. Inapanda kutoka kwenye magma, mawe yaliyoyeyuka, iliyo chini ya volkano zetu, inapenya nyufa za mawe, na kwa kuwa ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, inatulia mashimoni kama maji kwenye beseni. Hewa tunayopumua ina asilimia 0.04 tu ya kitu hicho. Ikifika 10 mtu anazimia. Usiku usio na upepo shimo linajaa, jua likipanda linapungua. Mama aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku mtoto anayemfuata, kwa ufupi wake, amekwisha kuzama.

Kuna wanaosema utasikia harufu. Haina harufu, ile inayokuwasha koo upepo ukitoka mlimani ni salfa. Wengine wanasema washa kiberiti, kikiwaka uko salama. Huu ndio uongo unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu unafanana na sayansi. Moto unaweza kuendelea kuwaka kwenye hewa ambayo tayari inamwangusha mtu. Na anayeinama kumvuta mbuzi wake huwa wa pili kulala.

"Mazuku inatoka ziwani." Hapana, ila ni ndugu wa baba mmoja. Hewa ukaa hiyo hiyo ya chini inaingia ziwa letu la Kivu pia, na maji ya chemchemi za chini yenye chumvi, mazito, yanabaki kilindini na kuibana huko. Kuna kama kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa, na 60 hivi za metani, gesi inayowaka. Sehemu ya metani imetengenezwa na vijidudu kutokana na hewa ukaa yenyewe. Kwa hiyo ng'ambo, Rwanda, wanapochoma gesi ya ziwa kupata umeme, taa zao zinawashwa kwa sehemu na kitu kilichoanza kama mazuku.

Je, lava ikiingia ziwani tutalipuka? Iliingia Januari 2002, baada ya kupasua mji katikati, na ziwa likatulia. Gesi nyingi iko kilindini, kupita kina cha mita 250, na maji ya huko bado hayajafikia kikomo cha kuibeba. Hatari yenyewe si hadithi: ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana mbele ya Kivu, liliua watu wapatao 1,700 usiku wa 21 Agosti 1986.

Mvua nayo tunaisifu kuwa safi kuliko maji yote. Mahali pengi ndivyo. Chini ya moshi wa volkano ya Nyiragongo, matone yanayeyusha asidi na fluoridi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, yakishuka, kisha bati linayapeleka kwenye pipa. Ndiyo maana upande wa Rusayo utaona meno yenye madoa ya kahawia. Kuchemsha kunaua kipindupindu cha maji ya ziwa, lakini fluoridi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea.

Mvua isiyoingia pipani, watu wanasema imepotea, maana Goma haina mto. Mawe ya lava yana matundu, hayaiachi itiririke juu. Inashuka, inapita karibu na vyoo vyetu bila kuchujwa kama ambavyo udongo ungeichuja, inatokea chini ya ziwa, na siku moja inatoka Bukavu kwa mto Ruzizi kuelekea Tanganyika.