Mwenzetu Akibaguliwa Ofisini, Asiachwe Ajitetee Peke Yake

Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, nasi tumelelewa tukijivunia kwamba ukabila haukupata nafasi ya kutugawa. Fahari hiyo ina msingi wake. Hata hivyo, katika kazi ya ustawi wa jamii hapa Dar es Salaam, ambako nawasimamia maafisa vijana, naiona ikileta madhara ambayo hakuna aliyeyakusudia: afisa anayesema kwamba amebaguliwa kwa sababu ya asili yake huonekana kuwa yeye ndiye anayeleta ukabila, naye hujifunza upesi kunyamaza.

Afisa huyo anaweza kuwa Mtanzania wa asili ya Kisomali ambaye kila mteja mpya humuuliza kwao hasa ni wapi. Anaweza pia kuwa Mbarabaigi anayepewa kila shauri la wafugaji lililofika ofisini, hata kama ujuzi wake ni wa malezi ya kambo, yaani ya watoto wanaolelewa na familia zisizo zao. Jambo hili la pili hupambwa kama heshima, kwamba anawajua watu wake, lakini humlundikia mtu mmoja mzigo, huwanyima wengine nafasi ya kujifunza, na siku shauri likiharibika lawama humwangukia yeye pamoja na kabila lake zima.

Sheria iko upande wake. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi wa kabila, rangi, dini na pahala mtu alipotokea, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinauhesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ni ubaguzi; mfanyakazi akishaonyesha ushahidi wa awali, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Kwa hiyo mwenzake aliyeshuhudia aandike siku ileile maneno yaliyosemwa na waliokuwapo, kisha amuulize aliyeumizwa angependa hatua gani ichukuliwe, kabla ya kulipeleka jambo popote.

Maafisa huniuliza zaidi kuhusu mteja anayemkataa afisa. Kwanza itafutwe sababu. Mwanamke aliyepigwa na mumewe akiomba asihudumiwe na mtu wa ukoo wa mume, huo ni usalama wake na abadilishiwe. Lakini mteja akisema tu kwamba hawataki watu wa kabila fulani, msimamizi amweleze, afisa akiwepo, kwamba huyu ndiye afisa wake na ofisi inamwamini. Afisa mwenyewe akiomba kulikabidhi shauri, akubaliwe bila kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Mtoto akiwa hatarini, huduma isisimame hata kwa saa moja kusubiri mabishano haya.

Kwa wateja, ubaguzi hujificha kwenye jalada, na hapo ndipo nataka tuwe wakali zaidi. Taarifa ikisema kwamba "jamii hii haithamini elimu", nairudisha, kwa sababu itasomwa mahakamani na watu ambao hawakufika nyumbani kwa mtoto. Iandikwe kilichoonekana: mtoto hajaenda shule tangu Machi, baba ni mlinzi wa usiku Tegeta na mchana hulala, mama yuko Kiteto, hakuna wa kumwandaa asubuhi. Taarifa ya namna hiyo huonyesha msaada unaohitajika, ilhali ile ya kwanza humhukumu mtoto kwa kabila lake na kumfanya afisa aone hana la kufanya.

Vivyo hivyo kwa mteja asiyejua Kiswahili vizuri. Mtoto asimtafsirie mama yake habari za kupigwa, wala mume asimtafsirie mke anayemlalamikia. Atafutwe mtu mzima asiyehusika, aelezwe wajibu wa kutunza siri kabla ya mazungumzo kuanza, na asipopatikana, jalada liseme wazi kwamba ofisi haikuwa na mkalimani, ili mteja asije akaandikwa kuwa hakutoa ushirikiano.