Swichi ya njia mbili na waya wa ethi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Swichi ya njia mbili, ambayo mafundi huiita tuwei, huwekwa chini na juu ya ngazi ili taa moja iwashwe au izimwe kutoka upande wowote. Kwa nje hufanana na swichi ya kawaida, lakini kwa ndani haikati umeme, bali huuhamisha kutoka njia moja hadi nyingine. Ina skrubu tatu: moja ya pamoja, iliyoandikwa C au COM, na mbili za njia, L1 na L2. Makosa mengi huanzia katika kuisahau tofauti hiyo.

Wengi hudhani kwamba taa ikizimika, swichi haina umeme. Ukweli ni kwamba katika uungaji wa kawaida, laivu, yaani waya unaoleta umeme, huingia COM ya swichi ya kwanza, nyaya mbili huziunga L1 kwa L1 na L2 kwa L2, kisha COM ya swichi ya pili hupeleka umeme kwenye taa. Kila wakati mmoja wa nyaya hizo mbili una umeme kamili, taa iwake isiwake, kwa kuwa taa huzimika tu pale swichi ya pili inapoelekea njia isiyo na umeme. Kitufe kilivyolala hakimwambii mtu lolote. Anayetaka kufungua swichi azime sakiti breka, yaani swichi ya usalama inayokata umeme wa sehemu hiyo ya nyumba, kisha apime kila skrubu kwa kipimo ambacho amekijaribu kwanza mahali penye umeme.

Hata hivyo, kuzima breka moja huenda kusitoshe. Katika ngazi, wapo wanaochukua laivu kutoka sakiti ya chini (nyaya zinazolindwa na breka moja) na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, kutoka sakiti ya juu, kwa sababu tu waya huo ulikuwa karibu. Taa huwaka vizuri, na ndiyo maana kosa hili hudumu miaka mingi. Fundi anayezima sakiti ya juu na kuifungua nyutro hiyo hupata ncha yake ikiwa na umeme uliopitia kwenye taa. Laivu na nyutro za taa moja sharti zitoke sakiti moja.

Kuhusu rangi, waya mweusi au wa kijivu kwenye kebo inayounga swichi hizo si nyutro. Ni njia ya laivu, na unapaswa kuvalishwa alama ya kahawia kwenye ncha zake.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni ile ya kwamba kebo ikipungukiwa waya mmoja, ule wa kijani na njano unaweza kutumika kupitisha umeme badala yake. Waya huo ni wa ethi peke yake, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Atakayekuja baadaye ataufunga kwenye boksi la chuma kwa kuiamini rangi yake, na boksi lote litakuwa laivu. Dawa ni kupitisha kebo yenye nyaya za kutosha, hata kama ukuta utachimbwa upya.

Husemwa pia kwamba kifuniko cha plastiki hakihitaji ethi. Nyuma yake mara nyingi kuna boksi la chuma, na skrubu zinazokishika hufika hadi kwenye vidole vya mtumiaji. Waya ukichomoka na kuligusa boksi lisilo na ethi, skrubu hizo hupata volti 230 bila breka kukata.

Tena, nondo ya ethi iliyozikwa ardhini haitoshi kukatisha breka. Ukinzani wake ukiwa omu 20, volti 230 hupitisha ampea 11.5 tu, ilhali breka ya ampea 6 ya aina B huhitaji kati ya ampea 18 na 30 ili ikate papo hapo. Ndiyo sababu nyumba inayotegemea nondo huhitaji pia kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho kwa kawaida hupangwa kukata uvujaji unapofika miliampea 30.