Korona, KCSE na imani zetu kuhusu masomo ya ziada

"Matokeo hayakuanguka, kwa hivyo hakuna kilichopotea."

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu ina takwimu za kuegemea. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili Kenya, mwaka 2019 watahiniwa 125,746 walipata C+ (gredi ya kuingilia chuo kikuu) na zaidi. KCSE ya 2020, iliyokuja baada ya shule kufungwa kwa miezi mingi, ikatoa 143,140. Lakini hebu tazama ni akina nani walioifanya. Walikuwa wamemaliza vidato vitatu kabla ya shule kufungwa Machi 2020, wakaitwa mapema, Oktoba 12, na mtihani wao ukasogezwa hadi Machi 2021. Katika shule ya upili walikuwa peke yao. Walimu wote walikuwa wa kwao.

Wadogo zao wa kidato cha kwanza walikaa nyumbani hadi Januari 2021, kisha wakakimbizwa kwa mihula mifupi hadi kalenda ilipotulia Januari 2023. Wengi wao ndio waliofanya KCSE ya 2023, na waliopata C+ na zaidi wakapita 200,000. Tukashangilia. Ila mwaka huohuo namna ya kukokotoa gredi ya jumla ilibadilishwa: hisabati, lugha moja, na masomo matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kwa hivyo mradi wowote wa masomo ya ziada unaodai kuwa ndio uliopandisha matokeo hayo utuonyeshe kwanza alama za somo mojamoja, hisabati hasa.

"Dawa ni tyusheni."

Tyusheni ya likizo imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na bado wazazi tunailipia. Shida yake ni kwamba mara nyingi inarudia somo la juzi kwa kasi ileile. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekwama kwenye aljebra huenda alikwama zamani, kwenye hesabu za sehemu, na karatasi kumi za mitihani iliyopita hazitamfunulia hilo. Apimwe kwanza, afundishwe kuanzia pale alipoachia.

Botswana walijaribu jambo dogo shule zilipofungwa: mwalimu anampigia mzazi simu kila wiki, kama dakika ishirini, na mtoto anapewa hesabu ya kiwango chake. Watoto hao walikuwa wa shule ya msingi, lakini funzo linatuhusu. Waliopigiwa simu waliendelea vizuri. Waliotumiwa ujumbe mfupi pekee hawakunufaika sana.

"Redio na televisheni ziliziba pengo."

Vipindi vya KICD, taasisi ya kukuza mitaala Kenya, vilisaidia waliokuwa na umeme na nafasi ya kukaa kimya. Redio haiulizwi swali.

"Aliyepata mtoto amejiondoa mwenyewe."

Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa mwanafunzi aliyejifungua haki ya kurudi darasani. Asiporudi, hahesabiwi miongoni mwa watahiniwa, na wastani wa shule unaweza hata kupanda bila yeye. Ndiyo maana, nikisikia shule imepiga hatua, swali langu la kwanza ni hili: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofika chumba cha mtihani ni wangapi?